Hiyo Bado Chai

Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, ile nzito ya mgahawani. Fundi akainamisha beseni, akayamwaga taratibu kwenye shina la mwembe, akafungua mpira tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama mpaka kwenye kiwiko, vidole vimetanuka, ukiutoa mchanga chini na kuuleta juu kama mtu anayeosha mchele wa shughuli. Maji ya pili, chai ya maziwa. Ya nne, chai iliyobaniwa maziwa. Ya saba ikaja chai ya rangi, na mimi, ambaye tangu asubuhi kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo, nikadhani tumemaliza. Nikasogeza chombo cha kuuhamishia. Akachungulia, akatikisa kichwa.

"Hiyo bado chai, mwanangu."

Tulikwenda mpaka maji kumi na tisa. Na hilo lilikuwa beseni la kwanza kati ya manne.

Fundi huyu ni mtu wa Ujiji. Ujanani alikuwa mzamiaji, akikamata samaki wa mapambo katika Ziwa Tanganyika kwa ajili ya wafanyabiashara waliowasafirisha hai kwenda Ulaya, kila mmoja na mfuko wake wa maji. Sasa yuko Dar es Salaam, na riziki yake ni kuhudumia matangi ya vioo ya majumbani na ofisini. Wateja wake husema "anakuja kuosha tangi", naye hawasahihishi. Nimemfuata kwenye kazi tatu nne, mara nyingine kwa kujifanya msaidizi, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba samaki si kazi yake hasa. Kazi yake ni sakafu.

Sakafu ya tangi haina mtazamaji. Mgeni akiingia sebuleni atasifu samaki, atasifu majani, atasifu na taa. Mchanga atauona siku utakaponuka. Madukani nako wanauza vikokoto vilivyopakwa rangi, bluu ya dawa ya meno na waridi ya keki ya harusi, vinapimwa kwa kilo. Nasema wazi kwamba sijaona kitu cha kuudhi macho kuliko hicho ndani ya maji. Halafu si suala la macho yetu tu. Samaki wengi hufuata rangi ya chini wanapokaa: juu ya sakafu nyeupe inayong'aa hupauka, juu ya nyeusi hukoleza. Juu ya waridi, masikini, hawana hata pa kuanzia.

Na hii sakafu isiyotazamwa ina umri mkubwa kuliko jina la chombo chenyewe. Mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington alieleza jinsi alivyowatunza samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha galoni 12 bila kuwabadilishia maji kila mara. Chini aliweka mchanga na tope na mawe, akapanda mmea wa Vallisneria. Konokono aliwaongeza baadaye, majani yalipoanza kuoza na kuchafua maji. Neno "aquarium" lilikuja kuenezwa na kitabu cha Philip Henry Gosse cha mwaka 1854.

Swali la kwanza la fundi akifika kwa mteja halihusu ukubwa wa tangi wala bajeti. Anauliza, "Nani anakaa humu?" Kama wanaokaa ni samaki wa kuogelea juu tu, wasiogusa chini, atakwambia weka unachopenda, mradi kisiwe na ncha kali na kisiyeyuke. Kwangu wanakaa Lamprologus ocellatus, na hapo mazungumzo yakabadilika. Akavuta kigoda.

Ni samaki wadogo. Ukifuata ukoo ni jamaa ya perege, lakini dume lililokomaa halifiki urefu wa kidole cha kati. Wana macho makubwa, ubavu wenye mng'ao wa zambarau, na hasira za mbwa mdogo. Ukiingiza mkono ndani ya tangi watakuuma, na utacheka. Kwao ni Tanganyika, hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Nyumba zao ni maganda matupu ya konokono, hasa yule aitwaye Neothauma tanganyicense, ambaye naye ni mwenyeji wa ziwa hilo peke yake. Maji ya Tanganyika yamejaa chokaa, na pH yake inakaribia 9, kwa hiyo konokono akifa ganda haliyeyuki. Linabaki. Linakuja lingine juu yake, na lingine, kizazi baada ya kizazi, mpaka sehemu fulani za ziwa zinakuwa mashamba mapana ya maganda, mengine yenye umri wa mamia ya miaka. Fundi anasema ukitua juu yake kwa mguu yanalia kama vikombe kwenye sinia.

Sasa ocellatus haridhiki na ganda kama alivyolikuta. Hulizika mchangani mpaka libaki tundu la mlango tu. Ukimwekea kokoto, umemnyima ujenzi. Atakaa, atakula, lakini utakuwa umefuga seremala ukamnyang'anya msumeno. Ukimwekea mchanga wa sentimita 2 kwa kuwa ndivyo unavyopendeza machoni, atachimba mpaka kwenye kioo, na ganda la sentimita 4 au 5 litabaki nusu nje. Kwa hiyo fundi alitaka kina cha sentimita 6, na alikitaka kwa hesabu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 45. Ukizidisha na 6 unapata lita 32 na ushei za mchanga, na lita moja ya mchanga mkavu ina kilo moja na nusu au zaidi kidogo.

"Mfuko mmoja wa saruji," alisema, kisha akainama kukagua miguu ya meza kabla hajataja bei.

Namna anavyochagua punje ndiyo iliyonifanya nianze kuandika habari hizi. Hana kipimo cha maabara. Ana chekeche mbili: moja ya unga, ya jikoni kabisa, na nyingine amejitengenezea kwa fremu ya mbao na kipande cha wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Mchanga unaopita kwenye wavu wa mbu lakini ukakataa kupita kwenye chekeche ya unga, huo ndio wake. Unaopita kote kuwili ni vumbi; utatibua maji wiki nzima na ukitulia utagandamana kama sakafu ya udongo iliyopigwa maji. Unaokataa kupita kwenye wavu ni mnene mno: chakula kitapenya katikati ya punje, kitafika mahali pasipofikiwa na mdomo wa samaki, na kitaozea huko. Akishachekecha, anachukua konzi moja na kuisugua kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, jinsi mama anavyopima joto la maji ya mtoto. Mchanga unaokwaruza pale anaurudisha. Wapo samaki wa Tanganyika, wale Xenotilapia kwa mfano, ambao kutwa nzima hujaza mchanga mdomoni, wakapepeta chakula, na kuutolea kwenye matamvua. Punje yenye makali kwao ni kama wali wenye mawe, kila siku, kila kijiko.

Baadaye ikaja siki. Alimwagia matone machache kwenye sampuli mbili alizoziweka juu ya vifuniko vya chupa. Ya kwanza, mchanga wa mto, ilinyamaza. Ya pili ilikuwa vipande vya matumbawe na makombe vilivyosagika, na ilichemka povu papo hapo kama andazi linaloingia kwenye mafuta. Povu ni dalili ya chokaa. Mtu anayefuga samaki wa Amazon, waliozoea maji laini, akiona povu aukimbie mchanga huo. Mimi niliambiwa nifurahi, ila kiasi. Mchanga wa matumbawe haupandishi pH mpaka 9 kama wauzaji wanavyopenda kusema. Kwenye maji ya namna ile hauyeyuki kabisa. Unaanza kuyeyuka pale maji yanapoteleza kuelekea kwenye asidi, na hapo ndipo unapoyashika yasianguke. Ni mlinzi wa usiku: mchana humwoni na kazi yake. Fundi alichanganya fungu moja la matumbawe na mafungu mawili ya mchanga wa mto, na ugumu wa maji wenyewe akauachia magadi soda na chumvi nyingine anazozipima kwa kijiko cha chai.

Nilimuuliza kwa nini tusiende tu ufukweni na ndoo, mchanga si uko pale bure. Akaniangalia kwa muda. Chumvi huoshwa ikaisha, alisema, hilo si tatizo. Lakini Kunduchi bahari imekuwa ikila ufukwe kwa miongo, na sababu mojawapo ni kwamba mchanga ambao mito ingeushusha pwani unachotwa huko nyuma kabla haujafika. Yeye hununua ndoo mbili tatu kwenye lundo la wafyatua matofali wenye leseni, lundo ambalo limeshachimbwa kwa hali yoyote, na vipande vya matumbawe huvipata kutoka kwenye matangi ya wateja wanaoacha kufuga samaki wa baharini. Ndoo mbili zisingeiangusha Kunduchi, na yeye anajua. Hataki tu mkono wake uwemo.

Zipo sakafu nyingine na ustadi mwingine, nisije nikaonekana nadhani dunia nzima ni mchanga. Wajapani, wakifuata njia ya mpigapicha Takashi Amano wa Niigata, hutumia punje za udongo uliokaushwa kwa moto, unaoshusha pH na ugumu wa maji na kuibeba mimea vizuri ajabu. Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka 1999, alitetea udongo wa kawaida wa bustani uliofunikwa kwa tabaka jembamba la changarawe au mchanga, na watu wakagundua kwamba mimea ilikuwa haihitaji vitu vya bei ghali. Nimeona tangi la namna hiyo hapa mjini, kwenye ndoo ya kioo isiyofika lita 40, likiwa limesitawi kuliko la hoteli. Lakini udongo wa Amano kwa samaki wa Tanganyika ni sumu ya taratibu, na udongo wa Walstad chini ya samaki anayechimba ni tope sebuleni.

Kuchagua, basi, ni nusu siku. Kubadilisha ndiko kunakomtenga fundi na sisi wengine, na hili ninaliandika kwa masikitiko ya mtu aliyewahi kujifanyia.

Miaka michache kabla sijamfahamu, tangi langu lilikuwa na kokoto za kahawia nilizozirithi kwa aliyeniuzia. Jumapili moja nikaamua kuzitoa. Nilizitoa zote, kwa bakuli la plastiki, samaki wakiwa humohumo. Kila nikichota, wingu la uchafu mweusi linapanda. Nikaona maji yamechafuka, nikayamwaga yote. Nikaona sponji la chujio limejaa ute, nikalifikicha chini ya bomba mpaka likawa jeupe kama jipya. Nikaweka mchanga mpya, maji mapya ya bomba, nikawasha taa. Lilikuwa tangi zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Nilipiga picha. Siku ya tatu samaki walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, wanapumua kama watu waliokimbia. Siku ya tano nilikuwa nimezika saba chini ya mpapai.

Nilipomsimulia fundi, hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja: "Wenyeji uliwaacha wapi?"

Wenyeji ni jina lake la bakteria. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza hutoa amonia, na amonia inaua. Kuna bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alianza kuwatenga wadudu hawa karibu mwaka 1890. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya nitriti hufanywa zaidi na jamii ya Nitrospira, tofauti na vitabu vilivyokuwa vikirudia. Fundi hana haja ya majina hayo. Anachojua ni mahali wanapokaa: hawaelei ndani ya maji, wamejibandika kwenye kila kitu, kwenye sponji, kwenye mawe, kwenye uso wa kila punje ya mchanga. Mimi nilikuwa nimewafukuza kwenye kokoto, nikawamalizia kwenye sponji kwa klorini ya maji ya bomba, ambayo kazi yake huko bombani ni kuua bakteria. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwangu mwenyeji alikufa kwanza, mgeni akamfuata.

Na kulikuwa na jambo la pili nisilolijua, ambalo fundi alilieleza kwa kidole akichora kwenye vumbi la kioo. Amonia ina sura mbili majini, moja karibu haina madhara na nyingine ndiyo inayoua, na pH ndiyo inayoamua ipi iwe nyingi. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura inayoua. Maji yenye pH 9 huwa na zaidi ya theluthi. Kosa ambalo mfugaji wa samaki wa Amazon angelifanya akalisahau, kwa mfugaji wa Tanganyika ni msiba.

Ndiyo maana kazi yake ilianza siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya chai. Alhamisi alikuja, akasema samaki wasilishwe, akatazama, akaondoka. Jumamosi alileta pipa la plastiki. Maji ya kwanza kutoka kwenye tangi aliyavuta kwa mpira kutoka katikati, juu ya sakafu, yakiwa bado masafi, akajaza pipa nusu. Samaki wakahamishiwa humo, na chujio likahama nao, likinguruma vilevile, sponji halijaguswa. Kipande cha shuka kikafunika mdomo wa pipa wasiruke. Ndipo akayaondoa mawe, moja moja, akiyainua wima ili uchafu wa chini usimwagike. Halafu mchanga wenyewe, kwa mpira mpana, akishika ncha yake sentimita moja juu ya sakafu. Akiishusha, mpira unakula mchanga. Akiiinua, unakunywa maji. Alikuwa akiishusha na kuiinua kwa mwendo mmoja, mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayefagia uwanja asubuhi. Wingu halikupanda. Maji yalibaki maangavu mpaka mwisho, na sakafu ikawa inapungua kwa vipande vya mstatili.

Kwenye kona ya nyuma alipofikia alisimama. Pale mchanga ulikuwa mweusi, na harufu ikapanda ya yai bovu. Nilirudi nyuma. Yeye akacheka: hewa ile, alisema, inatisha watu kuliko inavyostahili, maana ikikutana na maji yenye oksijeni haidumu. Ni alama tu kwamba mahali hapo hapakupumua. Alinionyesha kijiti cha mshikaki ambacho ningepaswa kukitumia mara moja kwa wiki kuchoma kona za namna ile, kidogo kidogo, bila kuvuruga. Afadhali zaidi, konokono wadogo wenye ganda la ncha ndefu, Melanoides tuberculata, ambao mchana hujichimbia na usiku hutoka. Hao wanaulima mchanga bila mshahara. Tatizo lao moja ni kwamba jike huzaa bila dume, na ukiwa na mmoja leo utakuwa na ukoo mzima kesho kutwa.

Sehemu ya mchanga wa zamani, konzi tano sita zilizo safi kutoka upande wa mbele, aliitia kwenye soksi iliyofuliwa bila sabuni, akaifunga fundo na kuitumbukiza ndani ya pipa pamoja na samaki. Ilikuwa mbegu.

Tangi likiwa tupu alifanya jambo ambalo mimi ningelifanya kinyume. Aliweka mawe kwanza. Chini ya kila jiwe aliweka kipande chembamba cha plastiki laini kilinde kioo, akalikandamiza, akalitikisa, akaligeuza, akalitikisa tena, mpaka lilikaa lenyewe bila kutegemea chochote. Mchanga ukaja baada ya mawe. Samaki wanaochimba huchimba popote, hata chini ya nguzo ya nyumba. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga siku moja litapinduka usiku, na likipinduka linaweza kuua samaki au kupasua kioo.

Mchanga aliuweka kwa kikombe, ukiwa bado na unyevu. Alianzia nyuma, akaja mbele. Hakuulaza sawa; nyuma aliuacha na sentimita moja zaidi, na alipomaliza akausawazisha kwa kadi ya simu iliyokwisha muda, akishuka nayo kwenye kioo cha mbele mpaka mstari ukanyooka. Zamani, alisema, kabla ya kujaza maji alikuwa akitandika mfuko wa rambo juu ya mchanga ili maji yasiuchimbe. Tangu mifuko ilipopigwa marufuku mwaka 2019 anatumia sahani ya udongo, na anasema ni nzuri zaidi kwa sababu haielei. Maji yakaingia juu ya sahani, kwa mpira mwembamba kama mrija wa kalamu, kwanza yale ya zamani kutoka kwenye ndoo, halafu mapya yaliyokaa siku mbili yakitolewa klorini. Ilichukua saa moja na nusu. Nilikwenda kununua mihogo na kachumbari, nikarudi, maji yalikuwa hayajafika nusu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja umeshika mpira, hata redio hakufungua.

Tangi lilipojaa ungedhani halikuguswa. Ukungu kidogo tu, kama dirisha la alfajiri ya Juni kule Mbeya. Jioni samaki wakarudi, na chujio lao, na soksi yao ya mchanga ikalazwa kwenye kona. Aliniachia chupa ya kupimia amonia na amri tatu: nipime kila siku kwa wiki nzima, nilishe punje za kuhesabika, na soksi isitolewe mpaka yeye arudi.

Kabla hajaondoka niliyaweka maganda. Hayakuwa ya Neothauma, yalikuwa ya konokono wa bustani, madogo madogo niliyoyaokota na kuyachemsha. Niliyapanga mstari mmoja, hatua sawa, midomo yote ikitazama kioo cha mbele ili niwe naona ndani. Fundi alitazama upangaji wangu bila kusema kitu, ila kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na jambo.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla sijaenda kazini, jike dogo lilikuwa limechagua ganda la tatu. Liliinama kwenye kitako cha ganda, likajaza mdomo, likaogelea kiasi cha upana wa kiganja, likautema mchanga. Likarudi. Mara ya kumi na mbili hivi ganda liliegemea upande. Kisha jike likageuka, likashusha kichwa, likaanza kuchapa mkia, na mchanga ukaruka nyuma yake kwa mawimbi madogo ukimwagikia ganda. Likasimama, likalizunguka, likaingia, likatoka, likalisukuma kwa kipaji cha uso. Mdomo wa ganda ukageuka polepole kutoka kwangu, ukaelekea kwenye jiwe la nyuma. Likaanza upya kuchimba chini yake.

Nilichelewa kazini. Niliporudi magharibi, kwenye mstari wangu palikuwa na maganda manne, na mahali pa la tatu palikuwa na mchanga ulionyooka wenye tundu moja, kiasi cha kifungo cha shati, na ndani yake macho mawili.